Mtaji wa Haji, Masikio ya Mbuzi

Dorkasi wa Daa alikuwa na dini mbili. Jumapili alikuwa Mlutheri, tena wa kwaya, sauti ya tatu. Siku sita zilizobaki alikuwa mtafutaji hela, na ibada hiyo ya pili aliishika kwa bidii kuliko ya kwanza. Msinitolee macho. Wenye dini moja tu Karatu hii ni wachache, na wengi wao wana mshahara.

Mwaka juzi alikopa kwa wale watu wa kausha damu. Anayewajua hahitaji maelezo. Asiyewajua na amshukuru Mungu. Alichukua laki tano, akarudisha laki tisa, na bado wakaja na pikipiki tatu wakabeba cherehani, mtungi wa gesi, na godoro alilokuwa amelalia mumewe Simon. Simon aliamshwa kwa adabu na kuombwa asogee. Kikabaki kitu kimoja: ekari ya udongo mwekundu pale Daa, aliyoachiwa na marehemu mama yake, inayotoa mahindi na mbaazi na kulisha nyumba mwaka mzima. Ekari hiyo iliponea kwa sababu haipakiki kwenye pikipiki. Dorkasi akaapa kwamba akiwa hai hakuna mtu atakayeigusa.

Kuapa ni rahisi, kula ndiyo kazi. Simon alikuwa dereva wa watalii mpaka kampuni ilipompunguza, na tangu siku hiyo alibaki na kofia ya safari, darubini moja yenye ufa, na uwezo wa kusema "no problem" mbele ya tatizo lolote. Watoto walitaka ada. Dorkasi akatafuta pa kushika, ndipo akasikia sokoni, kwa wauza vitunguu, kwamba Waislamu wana mikopo isiyo na riba. Bure kabisa, wakamwambia. Unachukua unavyochukua, unarudisha ulivyochukua, na ukikwama wanakuombea dua.

Siku hiyohiyo akaenda kwa Haji Tluway.

Haji Tluway aliuza vipuri vya pikipiki mjini Karatu. Alikuwa Mwiraqw wa Endabash kama Wairaqw wengine, mtoto wa katekista, ila ujanani alisilimu akaoa Mrangi wa Kondoa. Watu walisema alifuata mke. Yeye alisema alifuata haki. Mkewe alisema alifuata pilau. Na Makka alikuwa hajafika, tusidanganyane. Kanzu na ndevu ndizo zilizompa cheo, na yeye hakuona sababu ya kukirudisha. Jina lilitangulia, nauli ingefuata. Nauli hiyo alikuwa anaiweka kidogokidogo, na kwa kuwa hakutaka ilale benki ikizaa riba, aliizungusha kwenye biashara za watu.

"Haji," Dorkasi alimwambia kwa Kiiraqw, baada ya salamu ndefu za nyumbani, "nimesikia mnakopesha bila riba."

"Hatukopeshi."

"Basi mnagawa."

"Wala hatugawi." Haji alikuwa anafuta mnyororo wa pikipiki kwa kitambaa kichafu kuliko mnyororo wenyewe. "Mimi nina fedha. Wewe una nguvu na akili. Tunaungana. Ikipatikana faida, tunagawana kwa mafungu tuliyopatana. Ikipatikana hasara, fedha zilizopotea ni zangu, na jasho lililopotea ni lako. Inaitwa mudharaba."

Dorkasi akaigeuza habari hiyo kichwani, juu, chini, ubavuni, kama mtu anayekagua shati la mtumba.

"Yaani nikipata hasara hunidai?"

"Sikudai."

"Hata godoro?"

"Dada Dorkasi, godoro lako nilifanyie nini?"

"Sawa. Sasa nionyeshe mtego uko wapi, maana nimeshauziwa mbuzi kwenye gunia mara moja, sirudii."

Haji akacheka, akaweka mnyororo chini. "Mtego ni uzembe. Hasara ya Mungu ni yangu. Mvua, ugonjwa, bei kushuka, yangu yote. Lakini ukivunja masharti tuliyoandika, au ukazembea, hasara ni yako. Na kwa hiyo tu ndiyo nataka dhamana. Una nini?"

Dorkasi alijua ana nini, na alikumbuka alichoapa. Akataja ekari. Akaongeza haraka kwamba yeye si mzembe, kwamba hakuna mwanamke wa Daa anayeamka mapema kumshinda, na hayo yote yalikuwa kweli.

Biashara waliyoichagua ilikuwa mbuzi, wa kununuliwa kwa wafugaji wa Kimasai huko Malambo. Walipofika kwenye mgawanyo wa faida, Haji alitaka sitini kwa arobaini, sitini zikiwa zake, akataja wanachuoni watatu. Dorkasi hakuwa na wanachuoni. Alikuwa na magoti mawili mabovu, akayataja hayo. "Wewe utakaa hapa unauza plagi. Mimi nitakanyaga mavi ya mbuzi mpaka Malambo. Nusu kwa nusu, au uwafuge mwenyewe hapa dukani." Wakapatana nusu kwa nusu.

Mpango ulikuwa mzuri, hata leo nausifu. Idd ya kuchinja iliangukia mwishoni mwa masika. Mbuzi wa Malambo wakati wa kiangazi ni mifupa iliyovikwa ngozi, bei chini. Unawanunua Februari, unawaacha hukohuko wale majani ya mvua, na siku chache kabla ya Idd unawaleta Karatu wakiwa wamenona, Waislamu wa Karatu na Arusha wanakupigania. Haji akatoa milioni tatu na laki sita. Karatasi ikaandikwa mbele ya Felisiani, mwenyekiti wa mtaa, Mkatoliki aliyependa kuwa shahidi wa kila kitu ilimradi kuna chai. Haji akasoma masharti kwa sauti ya mimbarini: mbuzi madume, wa miaka miwili kamili, asiwepo chongo, asiwepo kiwete, asiwepo mgonjwa wala kimbaombao, na masikio yawe kamili. Likichanika si neno, likitobolewa si neno. Lakini sikio lililokatwa kipande kikaondoka, mbuzi huyo hachinjwi Idd. Nyama yake halali kabisa, ila sadaka haitimii.

"Umesikia?" akauliza.

"Nimesikia. Mungu wenu ana macho makali kuliko bwana mifugo," Dorkasi akasema, akatia saini.

Malambo hakuwa mgeni. Moloimet, mfugaji aliyeleta mifugo mnadani Karatu mwaka hata mwaka, alikuwa rafiki yake tangu enzi za Simon na magari ya watalii. Kwa heshima alimwita yeyo, yaani mama, ingawa walikuwa rika moja. Dorkasi alipomweleza ule mpango wa Haji, kwamba hasara ni ya mwenye mali na faida ni ya wote, Moloimet hakushangaa hata kidogo.

"Hiyo si dini, yeyo. Hiyo ni kufuga. Nikikupa ng'ombe wangu ukae naye, maziwa unakunywa, ndama tunapatana. Akifa unaniletea ngozi, tunasikitika, basi. Walihitaji kitabu kwa jambo hilo?"

"Wanapenda kuandika," Dorkasi akamjibu.

Wakanunua mbuzi thelathini na watano. Dorkasi alimkagua kila mmoja mwenyewe. Meno, macho, miguu, kisha akayashika masikio yote mawili, akayakunjua, akayatazama mbele na nyuma. Aliyekatwa alimkataa hata angekuwa mnene namna gani. Namunyak, mke wa Moloimet, alimtazama akifanya hivyo kwa mbuzi thelathini na watano mfululizo, akadhani anatafuta kupe. Akamhurumia, akamwambia kwa upole kwamba kupe wa huku hukaa zaidi chini ya mkia.

Hapo ndipo Dorkasi angefungua mdomo. Angesema: ndugu zangu, masikio haya yasiguswe, kwa sababu hii na hii. Maneno kumi yangetosha. Lakini alikuwa amechoka, gari la kurudi lilikuwa linapiga honi, na yeye, kama wasomi wote wa darasa la saba, alidhani jambo analolijua yeye linajulikana dunia nzima. Akawaachia mbuzi na malipo ya kuchunga, akaondoka.

Masika yakaja vizuri. Mwezi wa nne Dorkasi alikuwa Endabash kwenye msiba wa shangazi yake, mbele ya sufuria la wali linaloweza kupika ndama, moshi machoni, wanawake kumi wakimwamuru vitu kumi, simu ikaita. Moloimet alikuwa amepanda kilima kutafuta mtandao, na kwa kuwa kilima kilimchosha hakuwa na haraka ya kukata.

"Yeyo, mbuzi wako wamekuwa watu wazima. Wamechanganyika na wa ndugu zangu, na kuna wezi wameonekana. Niwatie alama?"

"Watie."

"Ile ya ukoo wangu? Ile kubwa?"

"Tia hata ya askofu, Moloimet, ilimradi wasiibiwe. Wali unaungua."

Akakata simu, akakoroga wali. Hata usiku wake hakuwaza. Wala kesho yake.

Siku tano kabla ya Idd lori likashusha mbuzi Karatu, karibu na uwanja wa mnada. Turubai likafunguliwa, na kwa sekunde kama tatu hivi Dorkasi alikuwa mwanamke tajiri kuliko wote aliowajua. Mbuzi waling'aa. Migongo ilikuwa imelala bapa kwa mafuta. Wakashuka mmoja mmoja kwa madaha, na kila aliyeshuka alikuwa na sikio moja na nusu.

Moloimet alishuka mwisho, amejifunga shuka jipya, uso umejaa fahari. Alikuwa amekata masikio thelathini na matano kwa mkono wake, kushoto, kipande kizima cha mbele, safi, vidonda vimepona vizuri.

"Alama ya baba yangu, yeyo. Mbuzi wa watu tusiozaliwa nao hatuwatilii. Kutoka hapa mpaka Loliondo hakuna mtu atakayewagusa."

Na kweli, hakuna aliyewagusa. Mteja wa kwanza alitoka Arusha na gari dogo la mizigo, akamshika mbuzi mnene kuliko wote, akapapasa mgongo, akatabasamu, mkono ukapanda kichwani, tabasamu likaisha.

"Mama, sikio liko wapi?"

"Liko Malambo," Dorkasi akasema. Lingine lipi la kusema?

Wakaja wa pili na wa tatu. Habari za biashara mbaya hazipandi gari, zinaruka. Jioni yake Karatu yote yenye kofia za kufuma ilikuwa inajua kuna mama wa Daa anauza mbuzi wasiotimia. Simon, ambaye hakuwa ameulizwa, alikuja na mawazo. La kwanza, gundi. La pili, kuvisha mbuzi kofia. La tatu lilikuwa la kibiblia.

"Petro alimkata mtu sikio, Yesu akalirudisha. Si yapo?"

"Basi mwite," Dorkasi akasema. "Mwambie thelathini na watano."

Alicheka mwenyewe, kisha kicheko kikakatika, akaketi juu ya gunia la pumba. Kwa sababu sasa alikuwa amekumbuka wali, moshi, na sauti yake mwenyewe ikisema watie.

Idd ikapita. Kuwarudisha Malambo lori lingekula mbuzi kumi njiani bila kuwatafuna. Malisho hana. Wakaja wenye mabucha na wachoma nyama wa barabara ya kwenda geti la Ngorongoro, wale wanaomjua mtu aliyebanwa kwa harufu tu, wakawabeba wote kwa elfu themanini kila mmoja. Milioni mbili na laki nane. Faida hakuna, na kwenye mtaji wa Haji pakabaki tundu la laki nane.

Haji aliitisha kikao Ijumaa, baada ya sala, chumba cha nyuma ya duka, katikati ya matairi na makopo ya oili. Karatasi ilisema wazi: kama hasara ni ya uzembe au ya kuvunja masharti, ekari ya Dorkasi itakuwa mkononi mwa Haji mpaka pengo lizibwe, na kukodi ekari Daa ni laki mbili kwa msimu. Misimu minne. Miaka minne ya kununua unga dukani kwa kilo, ya kuomba mbaazi kwa jirani, ya kumwona mtu mwingine akitembea juu ya jasho la mama yake. Dorkasi alikuwa ameipiga hesabu hiyo mara mia na kila mara ilitoka vilevile.

Moloimet alikuwa amekuja kutoka Malambo kwa nauli yake. Alimvuta Dorkasi pembeni kabla hawajaingia.

"Nitasema nilikata bila kukuuliza. Mimi ni Mmasai, kukata masikio hawatanishangaa."

"Moloimet."

"Mbuzi hawana kinywa, yeyo. Simu tulizungumza wawili."

Dorkasi hakumkataza. Na tusimpambe: hakumkataza kwa sababu lile wazo lilikuwa limeshamfikia yeye mwenyewe siku tatu zilizopita, likamkalia kitako, wala hakulifukuza.

Ndani, Felisiani alikuwa ameshamaliza kikombe cha kwanza cha chai. Moloimet akasimama, akaegemea fimbo yake, akasema alichosema. Kwamba mbuzi walikuwa kwake, wezi walikuwepo, akawatia alama kama anavyowatia wake, kwa mkono wake, kwa akili yake. Alisema vizuri, bila kupepesa. Laiti Dorkasi asingekuwa upande wa pili wa ile simu, angeamini na kutoa machozi.

Haji akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia Dorkasi. Alikuwa amevaa kanzu ya Ijumaa, ina doa la grisi kwenye mkono.

"Katika kazi ya namna hii," akasema, "neno linalokubaliwa ni la yule aliyeshika kazi. Mimi Malambo sikuwepo. Sina shahidi, wala sitamtafuta. Kama jambo lilifanyika bila wewe kujua wala kutaka, hasara ni yangu, tunakunywa chai na yanaisha. Una neno lolote?"

Basi. Hivyo tu. Hakumtolea macho, hakupiga meza, hakumwambia aape juu ya kitabu chochote. Dorkasi alihisi hasira ikimpanda, hasira ya kweli, na ilikuwa juu ya Haji. Wale wa kausha damu aliwadanganya vizuri sana, mara tatu aliwaambia yuko msibani, mara moja alijifanya ni mdogo wake, na alilala fofofo. Lakini wale walikuja na mbwa wao wa maswali, na mtu akija kukuwinda una haki ya kujificha. Huyu mzee mpumbavu wa plagi na minyororo alikuwa ameweka mlango wazi, ameketi pembeni, anamngoja apite na mali yake. Neno moja tu, sina, na shamba ni lake. Hata neno hilo halikuhitajika. Kutikisa kichwa kungetosha.

Akaliona shamba. Mbaazi zilikuwa zimeanza kutoa maua.

"Alinipigia simu," Dorkasi akasema.

"Yeyo, nyamaza," Moloimet akasema.

"Alinipigia simu nikiwa msibani Endabash. Akaniuliza atie alama, nikamwambia atie. Akaniuliza ile kubwa, nikamwambia hata ya askofu. Masharti yako nilikuwa nayajua, Haji, kila sikio nililishika mwenyewe wakati wa kununua. Ila huyu ndugu sikumwambia kwa nini. Alidhani natafuta kupe. Hana kosa, na hapa amesema uongo kwa ajili yangu, naomba asilaumiwe."

Felisiani akakohoa, chai ikampalia. Moloimet akatazama dari, akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyemwona jirani akichoma nyumba yake mwenyewe.

Haji akaivuta karatasi, akaisoma upya toka juu. Na niwaambie ukweli ambao Dorkasi hakumwambia mtu: kona moja ya moyo wake ilikuwa inangoja. Ilikuwa imeshamsikia Haji akisema, kwa kuwa umesema kweli, nimekusamehe. Kwenye mahubiri ndivyo inavyokwenda. Mtu akitubu, anga linafunguka.

"Laki nane," Haji akasema. "Ekari kwa misimu minne. Kweli yako nimeipokea, dada Dorkasi, Mungu akulipe. Na shamba nalipokea."

Felisiani akaandika. Dorkasi akatia saini kwa mkono uliotulia, akatoka, akafika nyuma ya duka kwenye lundo la matairi makuukuu, akalia. Hakulia kwa staha. Alilia kwa sauti, akamtukana Haji, akawatukana mbuzi, akamtukana aliyegundua simu, na mwisho akajitukana mwenyewe kwa Kiiraqw, matusi ambayo hayana Kiswahili. Moloimet alisimama karibu naye mpaka akamaliza, kisha akaenda kutafuta gari.

"Ungenyamaza tu," Simon alimwambia nyumbani.

"Nilijaribu," Dorkasi akasema. Lilikuwa jibu la kweli, na Simon, kwa mara ya kwanza tangu apunguzwe kazi, hakusema no problem.

Mbaazi zile alizivuna, maana zilikuwa zimeshapandwa. Kisha akamwachia Haji shamba, na akajiwekea amri asilitazame. Kwenda kisimani alizunguka. Kwenda kanisani alizunguka. Mvua za kwanza zilipogusa ardhi, Blandina, jirani yake wa mpakani, akaja mbio kumwambia, akicheka huku akishika mbavu, kwamba Haji yuko shambani, na viatu vipya vya mpira, kanzu ameikunja kiunoni, anapanda mahindi.

"Aache apande."

"Anafuata mteremko, Dorkasi. Mistari inashuka kutoka juu kwenda bondeni, imenyooka kama barabara ya lami."

Dorkasi aliweka ungo chini. Kuna mambo mtu wa Daa anaweza kuyavumilia: njaa, deni, mume. Lakini kupanda kwa kufuata mteremko, kwenye udongo ule, na mvua ile inayokuja, ni kumwambia maji njoo uchukue. Mama yake alikuwa amejenga kingo za shamba lile kwa mawe aliyoyabeba kichwani akiwa mjamzito. Amri ya kutolitazama ikafa hapohapo.

Alimkuta Haji katikati ya shamba, jasho linamtiririka, amemaliza nusu ekari na anajivunia. Alikuwa amekataa vibarua ili kuokoa fedha, na jembe alilishika kama anayeliogopa.

"Haji, simama."

"Shamba ni langu misimu minne," Haji akasema, akihema. "Karatasi unayo."

"Ninayo. Misimu minne ni yako. Mvua ya keshokutwa ikishuka kwenye mistari hii, ule msimu wa pili utakuta miamba. Ulitoka Endabash ukiwa na umri gani?"

"Kumi na minne."

"Ndiyo maana."

Haji akatazama mistari yake. Akatazama chini bondeni, ambako korongo lilikuwa limefungua mdomo tangu mvua kubwa za miaka ya nyuma. Kofia akaivua, akajipangusa nayo.

"Sijui kulima," akasema. Alilisema taratibu, na ilionekana hajawahi kumwambia mtu.

"Naona. Una mbegu?"

"Ninazo."

"Fedha ya palizi?"

"Ipo."

"Basi mbegu na fedha ni zako, kazi ni yangu, mazao nusu kwa nusu. Na nusu yangu siyo ya kuzibia pengo. Nusu yangu inakwenda jikoni kwangu, naila."

"Lakini dada Dorkasi, shamba zima nimelipata kwa haki."

"Kwa haki kabisa. Nililitoa kwa mdomo wangu mwenyewe, hakuna aliyeninyang'anya. Nenda nalo lote bondeni ukitaka."

Mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa Ngorongoro, meusi chini. Haji akayatazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kutazama mawingu. Akahesabu kitu kwa vidole, akaanza upya, akaacha.

"Nusu kwa nusu," akasema.

Dorkasi akanyoosha mkono, akalichukua jembe. Mpini ulikuwa mpya, bado una gome. Akaenda juu kabisa ya shamba, kwenye ukingo wa mama yake, akapiga jembe la kwanza kwa ubavu wa kilima, kushoto kwenda kulia, kama mama yake alivyolima. Haji akasimama palepale alipoachwa, mikono mitupu, akingoja kuambiwa.

"Na hizi nilizopanda?" akauliza.

"Zilipandwa na nani?"

"Na mimi."

"Basi zifukue. Moja moja, usiharibu mbegu, tunazihitaji huku juu."

Haji Tluway akakunja kanzu upya, akapiga magoti kwenye udongo mwekundu, akaanza kufukua.